Kumtafuta dalali ukiwa mbali

Wengi wetu tulioko huku Oman tunapanga. Mgeni asiye raia kwa kawaida hununua nyumba katika miradi maalumu tu, kama Al Mouj, na bei za kule si za mshahara wa wodini. Kwa hiyo mali yetu iko nyumbani: kiwanja Kigamboni, nyumba ya urithi Mombasa, fleti mjini iliyonunuliwa kwa posho za zamu za usiku. Kununua tunahadithiana bila kuona haya, lakini kuuza tunakusema kwa sauti ya chini, kama vile mtu ameshindwa maisha. Mimi nimeuza. Niliuza fleti ya Upanga, Dar es Salaam, nikiwa hapa Muscat na zamu zangu zikiendelea kama kawaida, na kazi kubwa haikuwa kumpata mnunuzi. Kazi ilikuwa kumpata dalali.

Sababu ya kuuza ilikuwa Mama. Fleti iko ghorofa ya tatu, jengo ni la zamani na halina lifti, na magoti ya Mama yamechakaa. Alikuwa anateremka mara moja kwa mwezi kwenda kliniki, na kurudi juu kunamchukua nusu saa, anapumzika kila kituo cha ngazi akijifanya anazungumza na majirani. Yeye alitaka kurudi Tanga, Ngamiani, kwenye nyumba ya chini yenye ua, karibu na dada yake. Fedha ya nyumba ya Tanga ilikuwa imelala ndani ya ile fleti, wala sikuwa na nyingine. Akiba yangu ya kwanza iliishia Bangalore, miaka miwili ya shahada niliyoisoma baada ya diploma ya nyumbani. Akiba ya pili ndiyo hiyo fleti. Ikiuzwa vibaya, Mama hana pa kukaa.

Nilipotangaza kwenye kundi la ukoo kwamba nauza, kabla ya magharibi nilikuwa na madalali watano, wote ndugu au watoto wa majirani. Wa kwanza wao alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi. Kijana mzuri, ana pikipiki, ana simu mbili, na amewahi kupangisha vyumba Magomeni. Shangazi alinipigia mwenyewe. "Mwanangu, riziki ya ndugu yako unataka kumpelekea mtu baki?" Nikamwambia, "Shangazi, nipe wiki moja nifikiri." Wiki ile niliitumia kupiga simu.

Hapa inabidi nieleze kidogo namna udalali wa Dar unavyokwenda, kwa faida ya vijana waliokulia huku. Dalali wa mtaani hana ofisi. Ana simu, anajua kila anayehama na kila anayehamia, na mpangaji humlipa kodi ya mwezi mmoja, pengine na "pesa ya usumbufu" hata kabla ya kuonyeshwa chumba. Kwa kupangisha, mfumo huo unaenda, watu wanalalamika na maisha yanaendelea. Kwa kuuza, kuna kitu kinaitwa cha juu. Wewe unamwambia unataka milioni 180. Yeye anamwambia mnunuzi milioni 210. Ile 30 ni cha juu, ya kwake, na bado atakudai asilimia yake.

Watu wengi wakisikia cha juu wanaona uchungu wa ile milioni 30. Mimi naona hasara kubwa iko kwingine. Mnunuzi mwenye 190 mkononi, ambaye ungemkubalia bila kufikiri, anaambiwa 210 na anaondoka. Wewe huku unaambiwa hakuna wateja, soko limelala, punguza. Unapunguza mpaka 170, na dalali bado anauza kwa 200. Ukiwa Dar unaweza kugundua, maana utakutana na mnunuzi ngazini. Ukiwa Muscat hujui kitu. Unachokijua ni kile tu dalali alichoamua kukuambia.

Neno lenyewe dalali limetokana na Kiarabu, na Waomani wanalitumia mpaka leo. Anayetaka kuona dalali wa asili aende Nizwa Ijumaa asubuhi, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Muscat, kwenye soko la mbuzi. Wanunuzi wanakaa duara, mbuzi wanazungushwa katikati kwa kamba, na bei inatajwa kwa sauti. Anayeuza anaisikia, anayenunua anaisikia, na mtalii mwenye kamera pia anaisikia. Nilipelekwa pale na wenzangu wa kazini mwaka wangu wa kwanza nikaona ni tamasha tu. Nilipokuwa natafuta wa kuniuzia fleti ndipo nilipoielewa kazi ya yule mtu wa Nizwa: anachukua chake, lakini bei haipiti sikioni mwake peke yake. Nikaamua dalali wangu awe wa namna hiyo, hata kama hatazunguka Upanga na fleti kwenye kamba.

Hatua ya kwanza haikuwa dalali kabisa. Nilimlipa mthamini. Tanzania ina Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, kwa hiyo mthamini ana usajili unaoweza kuuthibitisha, na halipwi kutokana na mauzo. Mtu asiyefaidika na bei ndiye pekee unayeweza kumuuliza bei. Aliniandikia milioni 190. Nilisikitika, maana kichwani nilikuwa na 230 niliyoisikia kwa jirani wa ghorofa ya kwanza, ambaye hajawahi kuuza kitu.

Ndipo nikawapigia madalali watatu walioelekezwa na watu waliowahi kuuza kupitia kwao, si kununua. Tofauti hiyo ni muhimu. Aliyenunua nyumba nzuri atamsifu dalali aliyempigania kupunguza bei, na wewe unamtaka wa upande wa pili.

Wa kwanza aliniambia, bila kuiona fleti, kwamba itakwenda kwa 260. Wa pili akasema 240, akataka nimtumie picha ya hati yangu yote kwenye WhatsApp siku hiyo hiyo. Wa tatu hakutaja bei. Alianza kuniuliza. Fleti ina hati yake, au jengo zima lina hati moja? Hili ni swali la maana sana. Tangu sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, fleti inaweza kuwa na hati yake yenyewe, pamoja na hisa katika ngazi, paa na uwanja wa jengo, lakini majengo mengi ya zamani hayajafika huko. Bila hati hiyo, unachouza ni makaratasi ya maelewano, na mnunuzi wa mkopo wa benki unamkosa. Akaendelea. Jina la nani kwenye hati? Umeolewa, dada? Maana nyumba ya ndoa, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, na mauzo mengi hukwama mwishoni kwa sababu hakuna aliyeuliza mwanzoni. Kodi ya pango la ardhi inadaiwa? Ile ya jengo hana shida nayo, maana tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Mchango wa maji na ulinzi wa jengo umelipwa? Nani anaishi humo, na akiuziwa ataelekea wapi?

Swali la mwisho ndilo lililonifanya nikae kitini. Nikamweleza habari za Mama. Akasema, "Basi tusipange watu kuja kuona kila siku. Mama atachoka." Halafu ndiyo akataja bei yake: tangaza 205, tegemea 185 mpaka 195. Karibu sawasawa na mthamini, na hakujua kama nina karatasi ya mthamini.

Nimesikia watu wakisema mchague anayekupa bei kubwa, si yeye anapigania maslahi yako? Dalali anayetaja bei kubwa kwenye simu ya kwanza hajakupa hata senti. Ameinunua nafasi ya kuwa dalali wako, na ameilipia kwa maneno. Baada ya mwezi ataanza kukushusha, na kwa wakati huo fleti imeshazunguka mji mzima ikiwa na sifa ya kitu kilichokosa mnunuzi.

Tukaandikiana mkataba. Alishangaa kidogo, ila hakukasirika. Nilimwomba anitumie namba yake ya mlipakodi na leseni ya biashara, na jina la kampuni nikalitafuta BRELA. Udalali tukakubaliana asilimia 4, alianzia 5. Muda miezi mitatu, baada ya hapo niko huru. Kila ofa, hata ya kuchekesha, ananiletea kwa maandishi ikiwa na jina la mnunuzi na wakili wake. Bei ninayoiona mimi ndiyo anayoiona mnunuzi, na kikigundulika cha juu, udalali wake umekufa. Hapokei fedha yoyote ya mnunuzi, hata ya kahawa. Analipwa siku fedha ikitua kwenye akaunti yangu, si siku ya kusaini.

Kipengele cha fedha ndicho walichonitania nacho hapa kazini, wakisema nimekuwa hakimu. Lakini wodini tunaishi hivyo. Dawa za maumivu makali tunazifungia kabati lake, na muuguzi mmoja hafungui, akahesabu, akachoma na kuandika daftari peke yake. Wa pili husimama pale, akaangalia, akatia saini. Hatushukiani wizi. Ni kwamba saa tisa usiku, mtu aliyechoka na mwenye funguo zote ni hatari, hata akiwa malaika. Fleti ya watu wa mbali ina funguo tatu: ya mlango, ya hati na ya fedha. Nikaamua hakuna mtu atakayeshika mbili.

Ya mlango nikampa binamu yangu. Ndiyo, yule yule mtoto wa shangazi. Jumamosi tu, saa nne asubuhi mpaka saa saba, anafika mapema, anakaa na Mama sebuleni, anaandika jina la kila anayekuja kuona. Namlipa kwa siku, na siku nyingine alipata fedha kuliko pikipiki ingempa. Ya hati ikakaa kwa wakili. Ya fedha ni benki kwa benki, akaunti yenye jina langu. Mdogo wangu wa kike, mwalimu Morogoro, nilimpa hati ya uwakilishi ya kusaini kwa niaba yangu, kwa fleti hiyo moja na kwa bei isiyopungua kiwango nilichokiandika. Niliisaini ubalozini kwetu hapa Muscat siku yangu ya mapumziko, kisha ikapelekwa kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Wapo wanaotoa hati ya namna hiyo kwa dalali mwenyewe, tena ya jumla, isiyo na mwisho wala kiwango. Mimi nisingempa hata ndugu wa tumbo moja.

Shangazi hakufurahi. Alisema nimemfanya mwanawe bawabu. Nilimsikiliza, nikamwambia, "Shangazi, nimempa Mama. Ndicho kitu kikubwa nilicho nacho mle ndani." Akakata simu. Tulikaa wiki sita hatusemezani, na kwa kwetu wiki sita ni nyingi.

Muscat nako kukaleta wanunuzi. Habari zilipofika Seeb na Al Khoud, wazee wawili wa asili ya Zanzibar, raia wa Oman, wakataka kuja kuizungumza fleti kwa chai. Ni watu ninaowaheshimu, na fedha walikuwa nayo. Lakini Sheria ya Ardhi ya 1999 kwa kawaida hairuhusu asiye raia wa Tanzania kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Mmoja alipendekeza tuandike jina la mpwa wake aliyeko Temeke. Nilikataa kwa adabu, maana siku mpwa akigeuka, kesi ingekuwa ya kwao, ila jina langu lingekuwa la kwanza kwenye makaratasi.

Ofa za Dar zilikuja taratibu. Ya kwanza 160, na dalali aliileta hivyo hivyo, pamoja na alama ya kucheka. Ya pili 195 kwa awamu ya miezi kumi na minane, Mama ahame sasa. Akaandika: "Dada, hii usikubali, lakini ni haki yako kuiona." Kulikuwa na mwingine wa 200 aliyetaka mkataba uandikwe 120 ili kodi ipungue. Hii nawaambia hasa wanafunzi, maana inatolewa kama ujanja wa mjini: serikali ina wathamini wake, na hawasomi bei ya mkataba kama msahafu. Tena biashara ikivunjika, mahakama inakujua kwa kile kilichoandikwa. Ile 80 isiyoandikwa utaidai kwa nani? Kodi ya faida ya mauzo ni asilimia 10 kwa mkaazi na zaidi ya hapo kwa asiye mkaazi, na ukaazi wetu sisi wa huku si jambo la kukisia. Mwulize wakili kabla hujapanga bei, si baada.

Wiki ya tisa ndiyo niliyolala vibaya. Mama alianguka ngazini, akateguka kifundo cha mguu. Usiku huo huo yule dalali wa 240 akanipigia, sijui nani alimwambia. Ana mtu wa 230, taslimu, anataka jibu kesho, ila kwanza nivunje mkataba na mwenzake, na nimtumie hati. Nilikuwa nimetoka zamu, nimekaa ndani ya gari nje ya jengo letu Al Khuwair, nikapiga hesabu ya kile 230 inaweza kununua Tanga: nyumba, kisima, msichana wa kumsaidia Mama. Nikamwomba jina la wakili wa mnunuzi. Akasema mnunuzi ni mtu mkubwa, hapendi kutajwa. Nikamwomba jina la benki tu. Akasema nisipoteze bahati. Nikamwambia asante, na nikaenda kulala, ingawa usingizi haukuja mpaka adhana ya alfajiri.

Wiki ya kumi na moja akaja mama mmoja mwenye watoto wawili, anafanya kazi karibu na Muhimbili, benki imemkubalia mkopo. Ofa 188. Dalali alikuwa amemweleza kuhusu pampu ya maji inayokata kila mwezi, na hakupunguza bei kwa hilo, ila aliomba tumwachie tangi. Bei ilitajwa kwa shilingi. Dalali mwingine angenitamanisha na dola, kwa kuwa mishahara yetu ni ya riali na riali imefungwa kwa dola tangu 1973, lakini kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Benki ilichukua wiki saba. Dalali alikwenda ofisi ya ardhi mara nne, na hakuniomba nauli.

Kwa wasomaji wa Kenya neno moja: kwenu kuna bodi ya kusajili mawakala wa nyumba, chini ya sura ya 533 ya sheria zenu, na anayefanya kazi hiyo bila usajili anavunja sheria. Dai cheti chake cha mwaka huo kabla hujatuma picha hata moja. Mimi Tanzania nililazimika kujitungia bodi yangu.

Mama yuko Ngamiani sasa. Anatoka uani bila kupanda wala kushuka chochote, na analalamika kwamba kuku wa jirani wana kelele. Fedha ilitua Jumanne, udalali nikautuma Alhamisi, risiti ikaja na namba ya mlipakodi juu yake. Shangazi alikwenda Tanga kumpeleka Mama, na walipofika akanipigia simu ya video waone nyumba pamoja nami. Ananiita Mama Mkataba, na sijui kama ni utani. Binamu yangu mwezi uliopita aliniandikia. Kuna mzee wa Ilala anataka amuuzie nyumba, na mzee huyo ana watoto wote Ulaya. Aliomba nimtumie nakala ya mkataba wetu na dalali, aondoe majina, atumie ule ule. Nimemtumia. Ameuliza pia kama lazima kile kipengele cha cha juu kibaki. Nimemwambia kibaki.